Makaa ya mawe hayatoi rangi, sifoni imekwama, mizani haikubali: kutafuta kosa katika ukamuaji wa maabara

Aliyewahi kukuna nazi anaijua kazi hii nusu yake. Unatia maji, unakamua, tui linashuka. Kinachobaki kwenye kifumbu ni machicha. Maabarani maji ni kiyeyusho, nazi ni makaa ya mawe yaliyosagwa, na kifumbu ni kikombe cha karatasi nene kinachokaa ndani ya kifaa alichobuni Mjerumani Franz von Soxhlet mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa. Chini flaski inachemka, mvuke unapanda hadi kwenye kondensa, yaani kipoza mvuke, unarudi matone juu ya makaa, na kila kimiminika kinapofika kimo cha sifoni, mrija uliopinda ubavuni, kinavutwa chote kurudi kwenye flaski. Kilichotoka nitakiita mkamuo, na kilichobaki machicha.

Malalamiko yaliyomo humu ndiyo ninayoletewa tena na tena na vijana wanaokamua makaa ya Ngaka, Kiwira na Mchuchuma hapa Tanzania. Karibu yote huanza na sentensi moja: "Kiyeyusho ni kibovu." Mara nyingi kiyeyusho hakina kosa. Kosa lilitokea wiki moja nyuma, pale sampuli ilipoachwa wazi mezani, au litatokea kesho, pale machicha yatakapopimwa kabla hayajakauka. Kwa hiyo anza kukagua makaa, kisha mizani, na kiyeyusho kiwe cha mwisho.

Kiyeyusho kinabaki cheupe, au mkamuo ni kiduchu

Sababu inayoongoza ni kwamba hakuna kilichoharibika. Makaa ya mawe hayayeyuki kama sukari kwenye chai. Ni wavu mkubwa wa molekuli zilizofungamana, na ndani ya vitundu vya wavu huo mna molekuli ndogo zilizonaswa. Kiyeyusho chepesi kwenye joto lake la kawaida la kuchemka huchukua hizo zilizonaswa tu. Ukitumia dikloromethani au tolueni, asilimia chache tu ni jibu halali kwa makaa mengi. Tetrahaidrofurani, ile inayoandikwa THF kwenye chupa, huchukua zaidi. Piridini huchukua zaidi tena kwenye makaa ya bituminasi, yale ya daraja la kati, kwa sababu inafungua vifungo vya haidrojeni vinavyoshikilia wavu. Lakini kaboni ikishapita kama asilimia 89, hata piridini hushindwa, na anthrasiti, makaa magumu ya daraja la juu kabisa, haitoi karibu chochote. Basi tafuta kwanza karatasi ya uchambuzi wa makaa yako, uone kaboni na jivu, ndipo ulalamike.

Sababu ya pili, na hii ndiyo inayoniuma: sampuli imechakaa kwa hewa. Makaa yaliyosagwa hula oksijeni kimyakimya. Hayabadiliki rangi wala harufu, ila kila mwezi yanatoa mkamuo mdogo kuliko mwezi uliopita. Uliza tarehe ya kusagwa, si tarehe ya kuchimbwa tu. Niliwahi kuona kijana akirudia kazi ya wiki tatu kwa sababu mfuko wake wa nailoni ulikuwa umefungwa kwa kamba tu juu ya kabati. Makaa ya namna hiyo hayana tiba. Rudi kwenye bonge kubwa, vunja, chukua ya katikati, saga upya. Maabara ya Argonne kule Marekani ilipotayarisha makaa yake 8 ya rejea, iliyafungia ndani ya ampuli za kioo zenye naitrojeni, kila ampuli ya kutumika mara moja. Sisi tunaweza kuiga kwa vichupa vidogo vyenye kifuniko kinachobana, vilivyojazwa hadi shingoni, vikapulizwa naitrojeni na kuwekwa kwenye friji.

Kosa hilohilo hufanywa na oveni. Kulaza makaa usiku kucha kwenye oveni ya hewa kwa nyuzi 105 ni kuyazeesha kwa makusudi. Tumia oveni ya ombwe kwa nyuzi 80, au pitisha naitrojeni.

Baada ya hapo angalia ukubwa wa punje. Yapite kwenye chekeche la milimita 0.25. Punje za milimita 2 zitakamuliwa ganda tu. Kisha muda: saa 6 hazitoshi. Shika karatasi nyeupe nyuma ya mkono wa sifoni wakati inavuta. Kama bado kuna umanjano, kazi haijaisha, hata kama daftari linasema saa 24 zimetimia. Unyevu nao unazuia, hasa kwa tolueni, ambayo haichanganyiki na maji. Vitundu vilivyojaa maji haviingiliki.

Mwisho kabisa ndipo tufike kwenye kiyeyusho chenyewe. Watu hupenda vilivyo vyepesi na vya kutiririka, na wana hoja. Maji ya nyuzi 25 yana mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa kama 0.89 kwa kipimo cha milipaskali-sekunde. THF iko karibu nusu ya hapo, na kaboni disalfaidi ni 0.35 hivi. Kimiminika cha namna hiyo hupenya upesi. Ila kupenya ni jambo moja, na kubeba ni jingine. Heksani ni nyepesi kuliko THF, lakini inaingia kwenye makaa na kutoka karibu mikono mitupu.

Ndiyo maana mchanganyiko wa Iino ulishangaza watu. Mwaka 1988 Masashi Iino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walichanganya kaboni disalfaidi na NMP (kiyeyusho kiitwacho kwa kirefu N-methili-2-pirolidoni) kwa ujazo sawa, na kwenye joto la kawaida la chumba baadhi ya makaa ya bituminasi yakatoa asilimia 40 hadi 65. Maelezo mojawapo ni kwamba NMP, yenye mnato wa kama 1.7, ndiyo mbebaji, na kaboni disalfaidi huilainisha ili iweze kuingia. Ukijaribu mchanganyiko huo nawe ukapata kidogo, shuku uwiano kwanza. Kaboni disalfaidi huchemka kwa nyuzi 46. Ukiuacha mchanganyiko kwenye bika iliyo wazi wakati unatafuta kalamu, uliouanza siyo utakaoutumia. Pima kwa silinda za baridi, funga mara moja. Wala usiupeleke kwenye Soxhlet. NMP huchemka kwa nyuzi 202, hivyo mvuke unaopanda utakuwa wa kaboni disalfaidi peke yake.

Sifoni haivuti, au inadondoka tu bila kukata

Tazama kikombe cha karatasi. Ukingo wake unatakiwa uwe juu ya kilele cha sifoni, na makaa yawe chini ya kilele hicho. Ukingo ukiwa chini, kiyeyusho kinafurika juu yake na kubeba vumbi la makaa hadi kwenye mrija.

Kama kimo kiko sawa, moto ni mdogo. Kiyeyusho kinafika kwenye kilele polepole mno, kinachuruzika upande mmoja wa mrija bila kuujaza, na mvuto haupatikani. Ongeza moto taratibu hadi upate mizunguko 4 hadi 6 kwa saa. Zungushia pia shingo ya juu karatasi ya alumini kwa nje, maana upepo wa kabati la kuvuta hewa huipoza sana.

Sababu ya tatu ni uvimbe, na wageni wa makaa huwa hawaitarajii. Piridini huweza kuyavimbisha makaa ya bituminasi hata kufikia mara mbili ya ujazo wake. Ulijaza kikombe robo tatu ukaridhika. Asubuhi unakuta uji mweusi umepanda hadi mdomoni na kiyeyusho hakipiti tena. Jaza nusu, usizidishe. Ikibidi, changanya na mchanga mweupe uliochomwa kwa nyuzi 550 na kupimwa, makaa yapate nafasi ya kupumua. Uandike uzito wa mchanga, kwa kuwa utautoa kwenye machicha baadaye.

Ikishindikana yote, mrija umeziba kwa vumbi. Zima moto, acha vipoe kabisa, fungua, osha mrija kwa asetoni. Usipulize kwa mdomo, na usichomeke waya wakati flaski ina moto. Mkono wa sifoni ndio sehemu nyembamba kuliko zote kwenye kifaa hiki, na ukivunjika kimiminika kinamwagikia juu ya hita.

Mizani haikubali

Hapa tukae.

Kawaida tunahesabu kwa machicha. Chukua makaa makavu gramu 5.000 yenye jivu asilimia 20; kwa makaa yetu mengi kiwango hicho si cha ajabu. Machicha makavu yakiwa gramu 4.600, kilichotoka ni gramu 0.400, yaani asilimia 8 ya makaa. Lakini jivu haliyeyuki, hivyo gawanya kwa 0.80: mavuno ni asilimia 10 ya sehemu inayoungua. Anayesahau jivu huandika 8, mwenzake anaandika 10, na wanagombana ilhali wana makaa yaleyale.

Sasa tuone inavyoharibika.

Mavuno yamekuwa makubwa kuliko ulivyotazamia: makaa hayakuwa makavu ulipoanza. Unyevu wa asilimia 3 uliobaki ni gramu 0.150 za maji, na maji hayo yatatoka wakati wa kukausha machicha, wewe utayahesabu kama mkamuo. Kati ya gramu 0.400, zaidi ya theluthi itakuwa maji. Pima sampuli ya pembeni kwa ajili ya unyevu siku ileile, kwenye chumba kilekile. Dar es Salaam wakati wa masika, makaa makavu yaliyo wazi kwenye sahani ya mizani huongezeka uzito huku unayatazama: tarakimu ya mwisho inapanda, inapanda, haitulii. Tarakimu isipotulia usiandike. Rudisha kwenye desiketa, chombo kilichofungwa cha kutunzia vitu vikavu, na safari nyingine pima ndani ya kichupa chenye kifuniko.

Sababu ya pili ya mavuno makubwa ni punje zilizopita kwenye karatasi. Nitazirudia chini.

Mavuno yamekuwa madogo, au hata chini ya sifuri: machicha yameshika kiyeyusho. Piridini na NMP hung'ang'ania ndani ya makaa kama harufu ya vitunguu mikononi. Kwa mfano uleule, machicha ya gramu 4.600 yakibaki na piridini sawa na asilimia 5 ya uzito wake yatasoma 4.830, na mavuno yako ya asilimia 10 yatakuwa 4.25. Kipimo cha kwanza ni pua, kwa mbali, ukipepea kwa mkono. Kipimo cha kweli ni naitrojeni, ambayo piridini na NMP zinayo: machicha yakionyesha naitrojeni nyingi kuliko makaa yalivyokuwa mwanzo, shuku kiyeyusho. Tiba ni kuosha kwa asetoni mara kadhaa, kisha ombwe kwa nyuzi 80, saa 12, upime. Urudie hadi vipimo viwili vifuatane bila tofauti. Kwa NMP kuosha peke yake huchukua siku nzima. Wengi hukata kona papo hapo.

Kikombe nacho kina uzito wake wa kubadilika. Karatasi ya selulosi hunywa unyevu, na ikiwa mpya huwa na vitu vyake vinavyoyeyuka. Ikamue tupu kwa kiyeyusho hichohicho saa kadhaa, ikaushe, uipime, ndipo utie makaa.

Ukijumlisha machicha na mkamuo ukapata zaidi ya ulichoanza nacho, angalia lebo ya THF. THF nyingi za dukani huwekwa kizuizi kinachoitwa BHT, kwa kawaida miligramu 250 kwa lita, ili isijenge peroksaidi. THF ikivukizwa, BHT inabaki. Kwenye mililita 250 ni kama miligramu 62, na kama mkamuo wako wote ni miligramu 250, hapo robo yake ni dawa ya kiwandani. Nilijifunza hili kwa uchungu: katika maabara niliyoanzia kazi tulipeleka matokeo ya miezi miwili kabla mtu yeyote hajavukiza THF tupu na kupima kilichobaki. Tangu siku hiyo kila safari naendesha kifaa kimoja kisicho na makaa, chenye kikombe, kiyeyusho na saa zilezile. Kinachobaki humo natoa kwenye matokeo.

Kiyeyusho kinapungua kwenye flaski na kabati linanuka

Karibu daima ni maji ya kondensa. Dikloromethani huchemka kwa nyuzi 40, na maji ya bomba mchana wa jua kali huweza kukaribia nyuzi 30; tofauti hiyo haitoshi kuugeuza mvuke wote. Gusa kondensa: robo ya chini ikiwa ya uvuguvugu ni sawa, ikiwa na moto hadi juu zima. Ndoo ya barafu na pampu ndogo ya tangi la samaki hufanya kazi vizuri kuliko bomba, na haikatiki maji yanapokatika. Hakikisha tu pampu na hita ziko kwenye swichi moja, umeme ukienda na kurudi usikute hita inawaka bila maji.

Zinazofuata ni shingo za vioo zisizokaa sawa. Watu hupaka grisi nyingi. THF na tolueni huimega na kuipeleka kwenye mkamuo. Badala yake vika shingo hizo mikono ya tefloni.

Uendeshaji wa usiku bila mtu sikubaliani nao. Kama saa 24 haziepukiki, zigawe kwa siku mbili au tatu: zima hita mara sifoni ikishakata, acha vipoe, funga, endelea kesho.

Mkamuo una chembe, au uchambuzi unaonyesha vitu vya ajabu

Mkamuo halisi ukiuinamisha kwenye mwanga ni wa kahawia unaopitisha nuru pembezoni. Ukiona vumbi linalometa likitulia chini baada ya saa moja, punje zimepita. Chuja kwa utando wa tefloni wa mikroni 0.45. Usitumie utando wa selulosi asetati. THF na NMP huuyeyusha, utauona ukilegea kama karatasi iliyolowa na kuingia kwenye sampuli. Safari nyingine punguza unga mwembamba kwa kuchekecha na kuweka pamba ya kioo juu ya makaa.

Fuwele za manjano kwenye mkamuo uliopoa mara nyingi ni salfa huru. Vipande vya shaba iliyosafishwa kwa asidi na kuoshwa vizuri huinasa na kugeuka vyeusi. Badilisha hadi shaba ibaki na rangi yake. Na kwenye spektromita ya masi, mashine inayopanga vipande vya molekuli kwa uzito wake, vilele vya 73, 207 na 281 vikijitokeza kwa mpangilio, hiyo ni silikoni: grisi, vifuniko vya mpira, au safu ya mashine yenyewe. Kilele kikubwa cha 149 ni plastiki. Makaa hayahusiki.

Flaski inaruka na kutema? Vijiwe vya kuchemshia vimechoka au vimesahaulika. Zima, poza, ndipo utie vipya. Kijiwe kikitumbukizwa kwenye kimiminika kilichopita joto la kuchemka, flaski nzima hupanda ghafla na kukumwagikia mikononi.

Wapi usimame na kuita mtu

Chupa ya zamani ya THF yenye fuwele kuzunguka kifuniko au utando mweupe ndani: usiifungue, usiitikise, usiisogeze hata kuipisha. Peroksaidi kavu hulipuka kwa msuguano wa kifuniko tu. Toa watu chumbani, funga mlango, ita msimamizi wa usalama wa kemikali. Nchini Tanzania Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye dhamana ya kemikali hizi, na ushauri wa namna ya kuiondoa uanzie huko. Kwa chupa isiyo na dalili hizo, pima kwa vijiti vya peroksaidi kabla ya kila matumizi; ikifika miligramu 100 kwa lita haitumiki. Na mkamuo wa THF usivukizwe hadi ukauke juu ya moto. Acha mililita chache zimalizwe na mkondo wa naitrojeni.

Kaboni disalfaidi hushika moto yenyewe ikigusa kitu chenye nyuzi 90 na kidogo, bila cheche. Hita iliyozimwa dakika kumi zilizopita yatosha, hata bomba la mvuke. Kama chumba chako kina kimojawapo karibu, kazi hiyo isifanyike hapo.

Glavu za nitrile za bluu, tunazozivaa kwa kila kitu, hupenywa na THF na dikloromethani kwa dakika chache. Zikilowa zivue papo hapo, usisubiri umalize kumimina. NMP hudhuru uzazi, na dada mjamzito asipangiwe zamu yake, hata kama mwenyewe amekubali.

Kichwa kikianza kuuma, ulimi ukapata ladha tamu au ya ajabu, au ukashtuka kwamba harufu ya piridini iliyokuwa kali saa moja iliyopita huisikii tena, toka nje. Pua imechoka, hewa haijasafika. Zima umeme kwenye swichi kuu ya nje, siyo kwenye hita yenyewe, na usirudi kuokoa sampuli.

Masalia ya dikloromethani yana chupa yake, yasichanganywe na ya THF na tolueni. Andika lebo siku hiyohiyo unapomimina, kwa kalamu isiyofutwa na asetoni.